Haki ya Ndege Bustanini Mwetu

Ndugu zetu, mmoja wa wanafunzi wa darsa yetu ameuliza: mtu akiwaachia ndege matunda ya bustani yake, hiyo si israfu? Suala hili lataka jawabu ya utulivu, kwani wengi wetu tumekulia mijini, na ndege tumjuaye sana ni kunguru.

Jawabu imo katika Hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, wakaitoa Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kuwa kiliwacho na ndege katika mti alioupanda Mwislamu huandikwa sadaka yake. Israfu basi haipo.

Nalikaa siku chache Kamukuywa, katika njia itokayo Webuye kwenda Kitale, nyumbani kwa mwenzetu mmoja wa Pwani afanyaye biashara huko. Uani kwake mna mipera, migomba na mpapai. Mapapai ya chini huyachuma, na ya juu kabisa huyaacha. Alfajiri shore ndio waliotangulia. Jua lilipopanda wakaja chozi, wenye midomo myembamba iliyopinda, wakinyonya ua la mgomba. Mnana dume naye alichana majani ya mahindi nyuzi nyuzi akasuka tundu lake. Jirani alilalamika juu ya mahindi hayo, wala haki yake hatuikanushi, kwani mnana hula nafaka. Lakini makinda yake huyalisha wadudu, na wadudu hao ndio waharibuo mboga za jirani huyo huyo.

Kila asubuhi bibi wa nyumba hutia maji katika sinia pana, kina chake vidole viwili tu, na katikati jiwe la kusimamia. Ndege mdogo akiwekewa ndoo huzama. Maji huyabadili kila siku yasizae mbu.

Sisi wa Pwani tuna shida nyingine. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka. Wakaenea hata Mombasa, nao hula mayai na makinda ya wenzao. Basi atupaye matumbo ya samaki uani asistaajabu kumkosa chozi.

Zito zaidi ni sumu. Huko Bunyala, kaunti ya Busia, wako waliotega ndege kwa Furadan, dawa ya kuulia wadudu wa shamba, kisha nyama ikauzwa. Ndege aliyekufa kwa sumu ni mzoga. Hata akiletwa amenyonyolewa na kukaangwa, ni haramu kumla, na juu ya hayo sumu yaweza kumdhuru mlaji.

Mtoto wa mwenyeji wangu alikuwa na manati. Baba yake hakumpiga, alimhadithia habari za Abu Umayr, mtoto mdogo aliyefiwa na ndege wake, Mtume (s.a.w.) akamwuliza habari zake kwa upole. Mtoto akauliza ndege yule alikuwa wa rangi gani. Nikamwambia, wanazuoni husema mdomo wake ulikuwa mwekundu. Manati ameiweka juu ya kabati; kuivunja bado hajaivunja.