Maneno ya Kiingereza yanayofanana, na yale yanayokula hela yako

Wauzaji wenzangu, leo tuongee Kiingereza cha kwenye posti zetu. Siongelei kile cha kujionyesha. Ukichanganya "its" na "it's" mteja atanunua tu na hela itaingia. Ila kuna maneno ukiyakosea umebadilisha siku, bei au bidhaa yenyewe, na mteja wa mtandaoni hana kingine cha kushika zaidi ya hayo maandishi yako.

Mengi yanatuchanganya kwa sababu Kiswahili kina neno moja pale Kiingereza kina mawili. Chukua "mpaka". Tunasema "mpaka Alhamisi mzigo utakuwa umefika", halafu tunasema "duka liko wazi mpaka Alhamisi". Neno ni lile lile. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "by Thursday", ya pili ni "until Thursday".

Kuna dada mmoja hapa Kariakoo anauza vitenge kwa jumla, ana wateja mpaka Zambia. Alimwandikia mteja wa Lusaka: "Your parcel will be at the bus office until Thursday." Alitaka kusema mzigo utafika kabla Alhamisi haijaisha. Mteja yeye kaelewa mzigo tayari upo pale na Alhamisi ndio mwisho wa kuuchukua. Akatuma mtu Jumanne, hakuna kitu. Jumatano, hakuna kitu. Jioni akaanza kudai hela yake, anajua keshatapeliwa. Mzigo ulifika Alhamisi kama ulivyopangwa, lakini oda iliyofuata alipeleka kwa mtu mwingine. Kwa hiyo jipime hivi: kama unaweza kusema "isizidi Alhamisi", andika "by". Kama ni kitu kinachoendelea kuwepo hadi siku hiyo, andika "until".

"Complimentary" na "complementary" zinatamkwa sawa kabisa. Yenye "i" katikati ni ya bure, ya zawadi (neno zawadi linaishia na i, ishike hivyo). Yenye "e" ni kitu kinachoendana na kingine. Sasa umepost viatu vya 45,000 na "complimentary bag", wewe ukimaanisha pochi inayoendana navyo, inauzwa pembeni. Mteja akidai pochi yake bure, ana haki. Umeandika mwenyewe. Mimi naona hili neno liachwe tu: kama ni bure andika "free", kama vinaendana andika "matching".

Halafu hii ya "sell" na "sale", kila siku naiona. "Sell" ni uza, "sale" ni mauzo. "We sale shoes" ni sawa na kusema "sisi tunamauzo viatu". Andika "We sell shoes". "Shoes for sale" ni viatu vinauzwa, basi. "On sale" ndiyo yenye mtego: Mmarekani anasoma bei imeshushwa, Mwingereza anaweza kusoma kwamba bidhaa ipo sokoni tu. Kama kweli umeshusha bei, weka bei ya zamani na mpya. Tarakimu hazina mkanganyiko.

Ukitaka kuandika "hatukopeshi", usiandike "We don't borrow". Hiyo ni "hatukopi", na mteja hajakuuliza madeni yako. "No credit" inatosha.

Wauza nguo: "cloth" ni kitambaa cha mita, "clothes" ni nguo zilizoshonwa. Kwetu zote nguo, ndio maana tunateleza. "Loose" ni pana, isiyobana, kama gauni la "loose". "Lose" ni kupoteza, na yenyewe imepoteza "o" moja. Wa mashuka: "pair" ni mbili. Kama kuna shuka mbili na foronya nne, andika "set" na utaje idadi ya kila kimoja. Na jamani, "bedsheet" ina "ee". Ukiweka "i" moja hapo umetukana, sifafanui zaidi.

Wa madaftari na kalamu: "stationery" ina "e" kama peni. Yenye "a" ni kitu kilichosimama bila kwenda, na mabango mengi mtaani yamesimama hivyo hivyo.

Usitegemee simu ikusahihishe. Mara nyingi inapiga mstari mwekundu kwenye neno lisilokuwepo, na "sale", "until" na "lose" yote yapo, kwa hiyo inaweza kukuacha upite. Kabla ya kuposti, soma sentensi yako huku unaigeuza Kiswahili neno kwa neno, hasa sehemu yenye siku, bei na idadi. Na kama ni mteja wa nje, taja tarehe kamili ya mzigo kufika.