Kabla ya kushika bisibisi: Stima na moyo wako

Juma hili sitakuzungumzia malaria wala shinikizo la damu. Nataka tuzungumze kuhusu ile bisibisi iliyo kwenye droo ya jikoni mwako.

Wakati mmoja mwanamume wa makamo aliletwa katika kliniki yangu na mkewe. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimevunjika. Alieleza kuwa alipanda kigoda ili abadilishe holda ya balbu sebuleni, akateleza na kuanguka. Nilipokuwa nikimkagua niliona alama ndogo nyeupe kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Ilikuwa ngumu, ukubwa wa punje ya mchele, na haikumuuma hata kidogo.

"Baba, uliteleza ama ulirushwa na stima?" nikamwuliza.

Alinyamaza kwa muda, kisha akanijibu, "Lakini daktari, nilikuwa nimezima swichi."

Kauli hiyo huenda hata wewe umewahi kuitoa. Hebu tuichunguze.

Swichi ilimdanganya vipi?

Stima huingia katika nyumba yako kwa waya wenye moto, hufanya kazi katika balbu au pasi, kisha hurudi kwa waya wa pili unaoitwa nyutro. Waya wa tatu ni wa ardhi, na kazi yake ni kuipeleka stima iliyovuja ardhini badala ya kuiacha ipitie mwilini mwako.

Swichi ya ukutani inapasa kuukata waya wenye moto. Fundi asiyejua kazi anaweza kuifunga kwenye nyutro. Ukiizima, taa itazimika kama kawaida kwa kuwa njia ya kurudi imekatika. Hata hivyo, holda iliyo juu ya kichwa chako bado ina stima yote. Kwa hivyo taa kuzimika si ithibati kwamba waya hauna moto.

Jambo lingine ni kupotea kwa stima. Wengi wetu hungoja stima ipotee mtaani ndipo tufungue soketi, tukidhani tumepata nafasi nzuri. Stima haipigi hodi inaporudi.

Inauaje?

Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Kinachoua hasa ni kiasi cha mkondo unaopita mwilini, nao hupimwa kwa ampea. Ampea moja ni miliampea 1,000. Miliampea 1 utaihisi kama kutekenywa. Zikifika kati ya 10 na 20, misuli ya mkono hujikaza na vidole vikashindwa kuachilia. Ndiyo maana watu husema stima "imemshika" mtu. Misuli ya kukunja vidole ina nguvu kuliko ya kuvinyoosha. Kiasi kikizidi hapo, misuli ya kupumua hukwama. Kuanzia takriban miliampea 50 hadi 100, hata kwa muda mfupi, moyo unaweza kuacha kupiga kwa mpango na kuanza kutetemeka tu bila kusukuma damu. Mtu huzirai katika sekunde chache, na asiposaidiwa mara moja hufa.

Ngozi kavu huzuia stima kwa kiasi fulani. Uzuiaji wake unaweza kufika ohm 100,000, na hapo volti 240 zitapitisha miliampea 2 hivi. Ngozi ikilowa, uzuiaji huo unaweza kushuka hadi ohm 1,000. Gawanya 240 kwa 1,000 na utapata miliampea 240. Ni stima ile ile na mtu yule yule. Kilichobadilika ni maji tu. Hata ngozi kavu usiitegemee, kwani stima yenyewe huitoboa.

Sasa tazama fyuzi iliyo katika plagi yako. Imeandikwa ampea 13, yaani miliampea 13,000. Itakuwa bado nzima wakati moyo wako umekwisha kusimama! Fyuzi imewekwa kulinda waya usishike moto, haikuwekwa kukulinda wewe. Kinachomlinda binadamu ni kile kifaa kinachokata stima inapovuja, ambacho aghalabu hukata inapovuja miliampea 30, tena kwa muda usiofika sekunde moja. Kifungue kisanduku chako cha swichi kuu ukiangalie. Huwa na kitufe kidogo cha kujaribia. Kama hakipo, mwulize fundi aliyehitimu gharama ya kukiweka. Ukiwa mpangaji, mwombe mwenye nyumba.

Unayoweza kufanya mwenyewe

Sisemi usiguse chochote. Kubadilisha balbu, fyuzi ya plagi au plagi yenyewe ni kazi unayoweza kuifanya, mradi ufuate utaratibu.

Kwanza, zima swichi kuu, si ile ya ukutani pekee. Katika ploti ambako nyumba kadhaa hutumia kisanduku kimoja, mwache mtu mzima pale akilinde, maana jirani anaweza kuiwasha ili amalizie kupiga pasi.

Pili, jaribu testa kwenye soketi ambayo unajua ina moto kabla hujazima, ili ujue testa yenyewe ni nzima. Ukishazima, ijaribu mahali unapotaka kufanya kazi.

Tatu, vaa viatu vikavu vyenye soli ya mpira, kausha mikono, na usimame mahali pakavu.

Unapofunga plagi mpya, chomoa kwanza kifaa chenyewe kutoka ukutani. Ukiitazama plagi kwa ndani, na mguu mrefu ukiwa juu, waya wa kahawia (mwekundu katika nyaya za zamani) huenda kulia kwenye fyuzi. Wa buluu (mweusi katika za zamani) huenda kushoto. Ule wenye kijani na manjano huenda juu, nao uache uwe mrefu kidogo ili uwe wa mwisho kung'oka. Kaza ile sehemu inayoibana kebo. Taa ya mezani au redio yatosha fyuzi ya ampea 3. Pasi na birika la umeme zahitaji 13. Kamwe usiifunge fyuzi kwa kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara.

Kumbuka pia kwamba soketi ya ampea 13 haiwezi kubeba zaidi ya wati 3,000 hivi. Birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,000 na jiko dogo la stima kwenye ekstensheni moja ni moto unaongoja usiku uingie.

Ya kumwachia fundi

Kuongeza soketi, kugusa kisanduku cha mita, kupitisha nyaya ukutani na kufunga heta ya shawa si kazi ya Jumapili alasiri. Heta ya wati 5,000 huvuta zaidi ya ampea 20, kwa hivyo inahitaji kebo yake nene, swichi yake na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Ukihisi mtekenyo unapogusa mfereji bafuni, usiseme "ni kidogo tu." Ni onyo. Zima, usioge hapo tena, mwite fundi. Mafundi wa stima nchini hupewa leseni na halmashauri inayosimamia kawi, EPRA. Mwombe akuonyeshe leseni yake. Fundi wa kweli hatakasirika.

Mtu akishikwa na stima

Mke wa mgonjwa wangu aliniambia kuwa alitoka mbio jikoni, mikono ikiwa na povu la sabuni, akitaka kumshika mumewe miguu. Kabla hajamfikia, uzito wa mwili ulimwangusha mumewe na mkono ukabanduka kwenye holda. Laiti angemfikia, huenda watoto wao watatu wangezika wazazi wawili.

Usimguse aliyeshikwa. Zima swichi kuu. Ikiwa haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu, kama vile godoro au rundo la magazeti, umsukume mbali kwa kiti cha plastiki au ufagio mkavu wa mti. Ikiwa ni waya wa barabarani ulioanguka, usikaribie kabisa. Kaa angalau mita 10 na upige simu.

Akiwa huru, mwite. Asipojibu wala kupumua kawaida, piga 999 au 112, kisha weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa, mpulizie pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30. Kama hukufundishwa, kandamiza tu bila kukoma hadi msaada ufike.

Palipoungua pamwagie maji safi ya mfereji kwa dakika 20, stima ikiwa imezimwa. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta.

Mpeleke hospitalini hata akisema ni mzima ikiwa alizirai, ana alama ya kuungua, moyo unamdunda ovyo, kifua kinauma, ni mjamzito, au mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Mkojo huo ni dalili kuwa misuli imeharibika ndani na figo zimo hatarini. Alama ndogo kwenye ngozi haionyeshi madhara yaliyo ndani.

Mtoto aliyetafuna waya akaungua pembeni mwa mdomo anahitaji uangalifu wa pekee. Kigaga kinaweza kubanduka baada ya siku 5 hadi 14, na damu nyingi ikatoka ghafla. Ibane midomo kwa vidole viwili, kimoja ndani na kingine nje, na ukimbilie hospitali.

Mgonjwa wangu nilimpima mapigo ya moyo kwa mashine, na yakawa sawa. Aliporudi baada ya wiki sita kutolewa plasta, alinieleza kuwa fundi aliyemwita alikuta swichi za vyumba vitatu zimefungwa kwenye nyutro. Alikuwa ameishi humo miaka tisa.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Katika jambo hili, msomaji wangu, kinga ipo. Jioni ya leo, kabla ya kulala, jua mahali swichi kuu ya nyumba yako ilipo, na umwonyeshe kila mtu mzima anayeishi humo.