SOMO: Shahidi anayeletwa kwa kuchelewa



Kesi nyingi za familia zinazorudi kijijini baada ya vita ni kesi za mashamba. Kwa sheria ya Kongo ya mwaka 2013 juu ya mahakama, tribinali ya amani ndiyo inayosikiliza migogoro ya ardhi inayofuata desturi. Hapo mara nyingi hakuna hati. Kuna maneno ya mashahidi tu: nani alilima, mpaka ulipita wapi, nani alimpa chefu mbuzi.

Tuchukue mfano. Mama mjane alikimbia na watoto. Aliporudi alikuta jirani analima shamba la marehemu mume wake. Kesi ilisikilizwa mara tatu. Siku ya mwisho jirani akaleta mzee ambaye hakutajwa hata mara moja, naye akasema: "Marehemu aliliuza shamba hili mbele yangu." Labda ni kweli, labda si kweli. Lakini mama hawezi kujibu palepale, kwa sababu shemeji yake anayeijua habari hiyo yuko Uganda, katika kambi ya Nakivale.

Je, hakimu amfukuze mzee? Si lazima. Ubaya ni kukata kesi kwa maneno ambayo upande wa pili haukupata nafasi ya kuyachunguza. Kifungu cha 19 cha Katiba ya mwaka 2006 kinalinda haki ya kujitetea. Kifungu hicho hicho kinataka kesi isikilizwe katika muda unaofaa. Kwa hiyo hakimu anaweza kumsikiliza mzee, kisha aahirishe ili mama amuulize maswali na kuleta shahidi wake. Lakini asiahirishe bila mwisho! Wako watu wanaoleta shahidi mpya kila mara ili kumchosha maskini anayelipa pikipiki kila siku ya kesi.

Mama afanye nini? Asinyamaze. Aseme palepale kwamba hakujulishwa, aombe muda, na aombe karani wa mahakama aandike ombi lake. Kama mjadala umekwisha kufungwa na hukumu inangojewa, anaweza kuomba ufunguliwe tena, akionyesha jambo jipya lenye uzito. Hukumu ikitoka, rufaa ina muda wake: siku 30 tangu kuarifiwa rasmi.

Kuchelewa kwingine hakuna ujanja ndani yake. Kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, majirani walitawanyika, na leo mtu hajui shahidi wake analala wapi. Basi toa majina ya mashahidi tangu mwanzo, hata wale ambao hujui waliko, na ueleze sababu. Hakimu aliyesikia jina mapema hatashangaa shahidi akifika baadaye.

Viongozi, jambo hili ni lenu pia, zaidi pale ambapo tribinali haifanyi kazi na watu wanakuja barazani. Mtu akija kwako usiku kukuambia siri ya shamba, mwambie arudi kesho aseme mbele ya pande zote mbili. Akikataa, usiyatumie maneno yake.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

Katika baraza letu, je, mtu anaruhusiwa kumuuliza maswali shahidi wa mwenzake? Na mwanamke je?

Shahidi akiwa mbali, tunaweza kumngojea kwa muda gani bila kumuonea yule anayengojea shamba apande?