Malighafi ya Mpini wa Brashi ya Kunyolea

Brashi ya kunyolea ni kifaa kidogo, lakini huishi maisha magumu. Kila asubuhi huloweshwa kwa maji ya moto, hutiwa sabuni, husuuzwa, kisha huachwa ikauke hadi kesho yake. Kwa mtu anyoaye kila siku, mpini wa brashi yake hulowa na kukauka mara 365 kwa mwaka. Fundi aweza kuchonga mpini wa kupendeza kutokana na kitu adimu, akaupiga msasa hata ukang'aa kama kioo. Miezi michache baadaye ukapasuka, au nywele zikang'oka. Mara nyingi kosa haliko katika mkono wa fundi, bali katika kutofahamu jinsi kitu alichokichagua kinavyokabiliana na maji.

Makala haya yaeleza tabia za vitu vitatu vipatikanavyo Afrika ya Mashariki, navyo ni mpingo, pembe ya ng'ombe na kifuu cha nazi.

SEHEMU ZA BRASHI

Brashi ina sehemu mbili: shungi la nywele na mpini. Nywele huwa za nguruwe, za farasi, au za mnyama wa Ulaya aliye wa jamii moja na nyegere. Wafaransa humwita mnyama huyo blaireau, na brashi yenyewe wameipa jina hilo hilo. Nywele hugandishwa pamoja kwa gundi upande wa chini, kisha shungi hukazwa ndani ya tundu la mpini, ambalo mara nyingi lina kipenyo cha milimita 20 hadi 26. Ukuta wa tundu hilo ndio sehemu dhaifu kuliko zote, kwa kuwa ni mwembamba na ndipo maji yakusanyikapo.

MPINGO

Ubao umejengwa kwa seli ndefu mithili ya mirija, nyingi zikiwa zimelala sambamba na shina la mti. Kuta za seli hizo zina selulosi, ambayo huvuta maji. Maji yaingiapo, kuta hunenepa, yatokapo, husinyaa. Urefu wa ubao hubadilika kidogo mno, lakini upana wake hubadilika zaidi. Tena mabadiliko ya kufuata pete za ukuaji kwa kawaida hukaribia maradufu ya yale ya kutoka kiini kuelekea gome. Ndiyo sababu tundu lililotobolewa likiwa duara kamili katika ubao mbichi hugeuka kuwa na umbo la yai ubao ukaukapo.

Densiti ya mpingo ni kiasi cha gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo, na kwa hiyo huzama majini. Nafasi zilizo wazi ndani yake ni chache, na kiini chake cheusi kina mafuta. Basi maji huingia polepole. Lakini yaingiayo polepole hutoka polepole pia. Gogo likikaushwa kwa haraka, ncha hukauka kabla ya sehemu za ndani, na nyufa hutokea. Fundi mwangalifu hupaka nta kwenye ncha, hukata vipande vidogo, na huviweka kivulini kwa muda mrefu kabla ya kuvikereza. Mafuta hayo huzuia pia gundi kushika. Uso wa tundu sharti ukwaruzwe kwa msasa na kufutwa kwa spiriti kabla ya gundi kutiwa.

Mpingo hukua taratibu sana, na mti huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya usimamizi wa mkataba wa CITES. Hata hivyo, gogo lipasuliwapo kwa ajili ya zumari na klarineti, sehemu kubwa hubaki kuwa makombo. Mpini wenye urefu wa sentimita 5 au 6 waweza kupatikana katika makombo hayo, bila kuangusha mti mwingine.

PEMBE YA NG'OMBE

Pembe imejengwa kwa keratini, protini iliyomo pia katika nywele na kucha. Ni ala iliyovikwa juu ya mfupa; ncha yake peke yake ndiyo isiyo na uwazi. Ng'ombe wa Ankole, wanaofugwa Uganda, Rwanda, Burundi na mkoani Kagera, wana pembe kubwa ambazo ncha zake zatosha kutoa mpini mzima.

Keratini hulainika katika maji yachemkayo. Pembe iliyochemshwa yaweza kubanwa kati ya mbao mbili ikanyooka, na ipoapo hubaki na umbo jipya. Sifa hii humfaa fundi, lakini yaweza pia kumgeukia: kipande chembamba kilichonyooshwa kwa joto huelekea kurudia umbo lake la awali kikipata joto na maji tena. Hivyo basi, kwa mpini wa brashi yafaa kutumia ncha nene isiyonyooshwa, wala si bapa.

KIFUU CHA NAZI

Kifuu ni kigumu kwa sababu kina lignini nyingi, kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mimea. Kasoro yake ni wembamba: unene wake ni milimita chache tu. Mafundi huvunja kifuu vipande vipande, huvikausha barabara, kisha huvimiminia gundi ya epoksi katika kalibu. Epoksi hutoa joto igandapo. Ikimiminwa nyingi kwa mara moja, joto hilo hukosa njia ya kutoka, nayo huweza kutoa mapovu au kupasuka. Dawa yake ni kumimina tabaka moja baada ya jingine.

HATARI ZA KUEPUKWA

Vumbi la mpingo huwasha ngozi na macho ya watu wengine, na vumbi la pembe na la kifuu halifai kuvutwa mapafuni. Fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa, na asiguse epoksi mbichi kwa mikono mitupu.

Hatari kubwa zaidi ni kimeta. Viiniyoga si chanzo chake. Chanzo ni bakteria ambao hujigeuza kuwa spora, na spora hizo huishi miaka mingi katika ngozi, nywele na pembe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918), askari na raia wa Uingereza na Marekani waliambukizwa kimeta na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za farasi ambazo hazikusafishwa ipasavyo. Wembe ulikwaruza ngozi, na brashi ikapitisha spora. Kuzichemsha pembe kidogo si kinga ya kutegemewa. Pembe zitoke kwa ng'ombe waliokaguliwa machinjioni, wala zisiokotwe kwenye mzoga wa mnyama aliyekufa ghafula.

JARIBIO

Wanafunzi wakate vipande vitatu, cha mpingo, cha pembe na cha kifuu, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa karibu milimita 40 kwa 20 kwa 4. Wapime uzito wa kila kipande, na upana wake kwa kalipa. Waviloweke majini kwa saa 24, wavipanguse, kisha wapime tena. Ongezeko la asilimia hupatikana kwa kutoa uzito wa kwanza katika uzito wa pili, kugawanya kwa uzito wa kwanza, na kuzidisha kwa 100. Kwa mfano, kipande cha gramu 4.00 kikifikia gramu 4.20, ongezeko ni asilimia 5.

Baada ya hapo vipande vikaushwe kivulini na kupimwa kila siku kwa wiki moja. Maswali ya kujibiwa ni haya:

1. Je, kipande kilichovuta maji mengi zaidi ndicho kilichotanuka zaidi kwa upana?

2. Je, kipi kilichelewa kuliko vyote kurudia uzito wake wa awali?

3. Endapo vitu viwili kati ya hivyo vitaunganishwa kwa gundi katika mpini mmoja, nini kitatokea kwenye kiungo?

Swali la tatu ndilo kiini cha somo. Vitu vinavyotanuka kwa viwango tofauti huvutana kila vilowapo, na kila vikaukapo, mpaka gundi ichoke. Uadimu wa kitu humpendeza mnunuzi siku ya kwanza. Tabia yake majini ndiyo iamuayo kama mpini utadumu.