Kutapika kwa mimba changa: usiachiwe uvumilie peke yako

SWALI: Daktari, mimi ni mama lishe wa miaka 24, naishi Buguruni, Dar es Salaam. Nina mimba ya wiki nane na ndiyo ya kwanza. Kwa wiki mbili sasa kichefuchefu hakiniachi, asubuhi hadi usiku. Nikikaanga vitunguu au samaki lazima nitapike. Mate yananijaa mdomoni kutwa nzima, na hata harufu ya jasho la mume wangu siivumilii. Mama mkwe anasema nivumilie, kila mwanamke amepitia. Jirani ananiletea udongo nitafune. Rafiki yangu ananishauri ninunue vidonge vya kuzuia kutapika duka la dawa, lakini naogopa mtoto asije akazaliwa na kilema. Je, hali hii itamdhuru mwanangu? Nifanye nini?
Mama Mtarajiwa, Buguruni

JIBU: Hongera kwa ujauzito, mwanangu. Nianze na hofu yako kubwa. Kichefuchefu na kutapika kwa kiasi ulichoeleza, maadamu bado unakunywa na chakula kidogo kinabaki tumboni, havimdhuru mtoto. Katika wiki ya nane mtoto hajafikisha hata urefu wa sentimita mbili. Anahitaji chakula kidogo sana, na huchukua mahitaji yake kutoka katika akiba ya mwili wako. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanawake wenye kichefuchefu mwanzoni mwa ujauzito mimba zao huharibika mara chache zaidi kuliko wasio nacho. Asiyetapika naye asiogope, maana wengi hujifungua salama bila kupata kichefuchefu hata siku moja.

Mama mkwe wako amesema kweli katika jambo moja: hali hii ni ya kawaida. Huwapata wajawazito saba hadi wanane kati ya kila kumi. Kwa kawaida huanza kati ya wiki ya nne na ya sita, hufika kileleni karibu na wiki ya tisa, kisha hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16. Wachache huendelea nayo baada ya wiki ya 20. Kwa hiyo wewe sasa unakaribia kilele, na nafuu iko mbele yako.

Ninapotofautiana naye ni pale anapofanya uvumilivu kuwa ndiyo dawa pekee. Malaria pia ni ya kawaida kwetu, na hakuna anayemwambia mgonjwa wa malaria avumilie tu. Kutapika kwa mimba kuna njia za kukupunguzia, kuna dawa salama, na kuna mpaka ambao ukivukwa ni lazima uende hospitali.

Kwa nini mimba inatapisha?

Wengi wamewahi kuambiwa kwamba mwanamke anayetapika sana anadeka, au haitaki mimba yake. Maneno hayo hayana ukweli, na yamewaumiza wanawake wengi. Mwezi Desemba 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine, walichapisha ushahidi kuhusu homoni iitwayo GDF15. Homoni hiyo hutengenezwa kwa wingi na kondo la nyuma, huingia katika damu ya mama na kugusa sehemu ya ubongo inayoamsha kichefuchefu. Mwanamke ambaye kabla ya mimba mwili wake ulikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo ndiye anayeumwa zaidi, kwa sababu mwili haujaizoea. Hali hiyo hutoka ndani ya mwili. Haihusiani na tabia yako, wala si ishara ya kutompenda mtoto.

Hisia ya harufu nayo huwa kali katika kipindi hiki. Ndiyo maana watu husema mimba imemkataa mume. Mimba haijamkataa mtu, mwanangu. Mweleze mume wako kwa upole kwamba pua yako imebadilika, naye akioga kabla ya kulala na kuacha manukato makali kwa muda, mtaelewana. Kama anavuta sigara, sasa ni wakati wa kuiacha au angalau kuitoa nje ya nyumba. Hilo litakufaa wewe na mtoto pia.

Chakula, maji na kazi yako

Tumbo tupu huongeza kichefuchefu, na tumbo lililojaa nalo hutapisha. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili hivi. Weka kando ya kitanda kitu kikavu kama biskuti zisizo na krimu, mkate mkavu au kipande cha muhogo wa kuchemsha. Kula kabla ya kuinuka, ukae robo saa, ndipo uamke taratibu. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kali kama cha moto, hivyo kiazi kitamu kilichopoa, ndizi mbivu, yai la kuchemsha au karanga kidogo vinaweza kukaa tumboni kuliko wali wa moto wenye mchuzi. Punguza mafuta na pilipili. Kama kwa siku kadhaa unaweza kula ugali mtupu na parachichi tu, kula hicho hicho bila kujilaumu. Mlo kamili utarudi tumbo likitulia.

Maji usiyanywe pamoja na chakula. Yanywe katikati ya milo, funda moja moja, na yakiwa baridi ni bora zaidi. Maji yenye ndimu kidogo, madafu na uji mwepesi vinafaa. Ukiwa umetapika mara kadhaa, changanya pakiti ya ORS kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa juu yake, unywe taratibu. Baada ya kutapika, sukutua kwa maji na usubiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa tindikali ya tumboni hulainisha meno.

Mate kujaa mdomoni ni sehemu ya hali hii hii. Yateme kwenye kopo lenye kifuniko kama huwezi kuyameza, usione haya. Kumbuka tu kwamba unapotema sana unapoteza maji, na ni lazima uyarudishe.

Kwako wewe mama lishe, jiko ndilo adui wa kwanza. Kama una msaidizi, mwachie kukaanga kwa wiki hizi chache, wewe uhudumie wateja na kupokea fedha. Kama uko peke yako, kaa upande ambao upepo unapeleka moshi mbali nawe, funika sufuria, na upike zaidi vyakula vya kuchemsha kama maharage na ndizi badala ya samaki wa kukaanga. Usiwashe jiko kabla hujatia kitu tumboni. Kata ndimu uwe nayo karibu, uinuse harufu ikikuzidi. Kupunguza kazi kwa mwezi mmoja kunauma mfukoni, najua. Lakini uchovu wenyewe huchochea kutapika, na siku ya kulazwa hospitali hukugharimu zaidi.

Wenye ajira nao wajue haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, mfanyakazi akiwa na cheti cha daktari. Likizo ya uzazi inahesabiwa peke yake.

Tangawizi, udongo na vidonge

Tangawizi ina ushahidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma za wajawazito, limeitaja pamoja na vitamini B6 miongoni mwa njia za kutuliza kichefuchefu cha mimba changa. Vipande vyembamba vichache ndani ya maji moto, vikombe viwili au vitatu kwa siku, vinatosha. Ikikuletea kiungulia, acha. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Udongo usitafune. Najua unauzwa sokoni na wengi wanausifu. Udongo unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hupita kwa mama na kufika kwenye ubongo wa mtoto unaokua. Unaweza kubeba mayai ya minyoo, tena hufunga choo na kuuzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Hamu kali ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu. Ikikushika, mwombe muuguzi akupime wingi wa damu, na mdomo uupe kipande safi cha barafu au biskuti kavu. Mitishamba usiyojua ndani yake kuna nini nayo iache.

Kuhusu vidonge, hofu yako ina historia. Mwaka 1957 dawa ya thalidomaidi iliingizwa sokoni Ujerumani Magharibi, na katika nchi nyingi ikapewa wajawazito kutuliza kichefuchefu. Kabla haijaondolewa mwishoni mwa mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Msiba huo ndio uliozifanya nchi nyingi kukaza sheria za kupima dawa.

Lakini hofu nayo ilipitiliza. Huko Marekani, mchanganyiko wa doksilamini na vitamini B6 uliondolewa sokoni na mtengenezaji mwaka 1983 kwa sababu ya kesi mahakamani, ingawa tafiti hazikuonyesha kwamba unalemaza watoto. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaidhinisha mchanganyiko huo huo urudi. Katika miaka 30 hiyo wanawake wa huko walikosa bure dawa waliyoihitaji.

Kwa hiyo dawa zipo, ila zisinunuliwe kwa ushauri wa rafiki. Daktari au muuguzi anaweza kuanza na vitamini B6, ambayo kwa kawaida hutolewa miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku. Isipotosha, huongeza dawa kama promethazini au doksilamini, ambazo zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi na hulaza usingizi kidogo. Metoklopramidi hutumika pia, lakini haifai kwa zaidi ya siku tano mfululizo, maana inaweza kuleta mikazo ya shingo na uso. Ndiyo sababu aina ya dawa, kipimo chake na muda wake vinapaswa kuandikwa na mtu aliyekupima.

Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki navyo huweza kuzidisha kichefuchefu. Usivitupe kimyakimya. Jaribu kuvimeza usiku baada ya kula, wala usivimeze kwa chai. Ikishindikana, mwambie muuguzi. Anaweza kukupa foliki asidi peke yake kwa muda, kwa sababu mtoto anaihitaji mapema kwa ajili ya ubongo na uti wa mgongo.

Mpaka wa kawaida ni upi?

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya: umeshindwa kuhifadhi hata maji kwa saa 24, mkojo umekuwa wa rangi nzito kama chai ya rangi, au hujakojoa kwa saa nane, unaona kizunguzungu au unazimia ukisimama, unatapika damu, una homa, maumivu makali ya tumbo, maumivu ukikojoa, macho ya njano au damu ukeni. Pima uzito pia. Mwenye kilo 60 kabla ya mimba akipoteza kilo tatu, hiyo ni asilimia tano, na ni dalili ya kutapika kulikopita kiasi.

Homa usiihesabu kuwa ya mimba. Katika nchi yetu, mjamzito mwenye homa na kutapika apimwe malaria, kwa kuwa malaria inaweza kumuua yeye na mtoto. Kutapika kunakoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya tisa kutafutiwe sababu nyingine. Na kukitokea baada ya wiki ya 20 pamoja na kuumwa kichwa sana au kuona maluweluwe, kimbia hospitali, maana hizo ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba.

Hospitali watapima mkojo, damu na malaria, na watafanya ultrasaundi kuangalia kama ni mapacha au mimba zabibu, kwa sababu hali zote mbili huzidisha kutapika. Utawekewa dripu ya maji yenye chumvi na sindano ya kuzuia kutapika. Aliyetapika kwa wiki nyingi anapaswa kupewa vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi bila vitamini hiyo inaweza kumdhuru ubongo. Kwa hiyo usikubali dripu ya mtaani. Nenda kwenye kituo chenye mtaalamu na maabara.

Neno langu kwa mama mkwe na mume: huyu binti anaumwa kweli. Mpikieni, mchoteeni maji, msindikizeni kliniki. Akianza kulia kila siku, kukosa matumaini au kuichukia mimba aliyoitaka, mjue naye anahitaji msaada wa daktari, wala asikemewe.

Nawe mwanangu, usisubiri tumbo lionekane ndipo uanze kliniki. Nenda wiki hii. Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12. Waeleze unatapika mara ngapi kwa siku, unakunywa kiasi gani na mkojo wako una rangi gani, kisha uulize kuhusu vitamini B6. Usiondoke mpaka upewe jibu.