VUMBI LA JANGWANI, MBOLEA YA BAHARI

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Nami naongeza: usidharau vumbi! Leo nataka nikueleze jinsi vumbi la jangwani linavyolisha bahari.

Baharini mna mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho matupu, iitwayo fitoplanktoni. Karibu nusu ya usanisinuru wote duniani hufanywa nayo. Vidudu vya majini huila, dagaa hula vidudu, na samaki wakubwa hula dagaa. Ikikosekana, hakuna samaki.

Kama mahindi shambani, mimea hii hutaka mwangaza na mbolea: nitrojeni, fosforasi na chuma kidogo. Hapo ndipo penye taabu. Chuma hakiyeyuki vizuri katika maji ya bahari. Hushika kutu kikazama. Kile kiletwacho na mito, kingi huishia karibu na pwani. Je, huko katikati ya bahari nani atapeleka mbolea? Ni upepo, bwana! Dhoruba za Sahara, hasa katika bonde la Bodélé nchini Chad, hurusha vumbi lenye chuma, nalo huvuka Atlantiki hadi visiwa vya Karibi.

Mwanasayansi John Martin wa Marekani alishikilia kwamba ziko bahari zenye mbolea nyingine tele, ila chuma ndicho haba. Wengi walimtilia shaka. Alifariki mwaka wa 1993, na mwaka huo huo wenzake wakamwaga takriban kilo 450 za chuma katika Pasifiki, karibu na visiwa vya Galápagos. Mimea ikaongezeka. Mwaka wa 1995 wakarudia, na safari hii maji ya buluu yakageuka kijani!

Sasa wako wanaotaka tumwage chuma kwa makusudi, kwa kuwa mimea hii hufyonza hewa ya kaboni inayoongeza joto duniani. Mimi nasema, pole pole jamani. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo hurudi hewani mimea inapoliwa au kuoza. Tena, ikioza kwa wingi humaliza oksijeni majini, na samaki watapumua nini? Ndiyo sababu mwaka wa 2008 mataifa ya Mkataba wa London yalikubaliana kwamba kazi hiyo iruhusiwe kwa utafiti tu.

Basi ukipangusa vumbi dawatini, kumbuka: haba na haba hujaza kibaba. Kwa hayo machache, nakomea hapa.