NI NJAA AU NI UCHU?

Kijana mwenzangu, wewe uliyeshika karatasi hii hapa Robanda, simama kidogo! Tumbo lako linasema nini sasa hivi? Lina njaa kweli? Au ni pua imesikia harufu ya nyama inayochomwa pale barabarani?

Usicheke. Mimi nilishindwa kutofautisha. Nilikuwa na miaka 19, mama alikuwa mgonjwa, tukauza mbuzi, nikapewa hela niende Mugumu kununua dawa. Asubuhi nilikuwa nimekula ugali wa mtama na mlenda, nikashiba kabisa. Kufika mjini nikapita karibu na jiko la nyama. Mate yakajaa, tumbo likanguruma, nikajisemea, "Nina njaa, acha nile kidogo tu." Nikala, nikaagiza tena, nikashushia na soda mbili. Dawa nikanunua nusu. Nikamwambia mama bei imepanda, naye akaniamini! Alipona, lakini alichelewa sana. Ukweli nilimwambia baada ya miaka minne.

Sasa sikia. Mate na mngurumo wa tumbo si ushahidi wa kutosha. Harufu peke yake, au kuona tu chakula, huamsha mate na kulifanya tumbo lijiandae, hata kama umeshiba. Ndiyo maana nilidanganyika.

NJAA huja polepole, saa kadhaa baada ya kula. Unalegea, pengine kichwa kinauma, unakuwa na hasira za bure. Nayo haichagui! UCHU huja ghafla, tena huja na jina: chipsi mayai, soda baridi, maandazi, nyama. Huletwa na macho, na marafiki wanaokula mbele yako, na huzuni, na kukaa kijiweni bila kazi. Hebu jiulize hivi: nikipewa kiporo cha ugali wa jana na mchicha usio na mafuta, nitakula? Ukisema ndiyo, tena upesi, basi kula, hiyo ni njaa. Ukisema, "Aa, hicho hapana," kunywa maji, shika kazi, ngoja nusu saa. Mara nyingi utasahau ulikuwa unataka nini.

Hata njaa yenyewe ina saa zake. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua kichocheo kinachotoka tumboni, kinaitwa ghrelini, ambacho huuambia ubongo kwamba ni wakati wa kula. Hupanda karibu na saa ulizozoea kula, kisha huweza kushuka hata usipokula. Sisi tunaofunga tunalijua jambo hili bila kusoma: saa saba mchana unaona unakufa, saa kumi umetulia.

Esau alitoka porini kuwinda, akasikia harufu ya dengu za ndugu yake, akasema yuko karibu kufa. Akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli moja! Mimi naona ile ilikuwa njaa iliyochanganyika na uchu, maana kwa baba yake chakula hakikukosekana. Angetembea hatua chache tu. Na hapa kwetu je? Nyumbu wanapita, kijana ana ugali nyumbani, lakini hana nyama. Anachukua waya anaingia hifadhini. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu anaweza kufungwa jela miaka kwa mnofu ambao hata hajauonja.

Lakini usimwambie mwenye njaa kwamba ana uchu! Tembo wakimaliza shamba, watoto wakalala na uji mwepesi, hiyo ni njaa na inataka chakula. Tena njaa ya muda mrefu huzaa uchu wake. Mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili wataalamu wajifunze. Waliwaza chakula usiku na mchana, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama hadithi. Wale hawakuwa walafi.

Na wewe dada unayetafuna udongo wa sokoni kila siku, huo si njaa. Utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba kwa wajawazito tabia hii huambatana na upungufu wa damu. Nenda zahanati wakupime damu, usione aibu. Na kijana anayekula sana lakini anakonda, ana kiu isiyokwisha, anakojoa mara kwa mara, naye aende mapema. Aombe kupimwa sukari.